Anwani ya tovuti ikipotea: mtafute mwenye tovuti, usitafute jina

Swali: "Mimi ni fundi cherehani. Kwa miaka minne nimekuwa nikinunua michoro ya kukatia nguo kwenye tovuti moja ndogo, na michoro yote niliyolipia imo ndani ya akaunti yangu huko. Mwezi uliopita niliandika anwani yake kama kawaida, nikaletewa ukurasa wa kamari. Nikitafuta jina lake mtandaoni napata tovuti nne zenye majina yanayokaribiana, na moja inanitaka niweke baruapepe na nenosiri langu ili 'wahamishe akaunti'. Ile yangu imekwenda wapi? Na kati ya hizi nitaijuaje iliyo ya kweli?"

Dada, kabla ya lolote, hiyo inayokudai nenosiri iache kwanza. Kama umeshaliweka, usiendelee kusoma: nenda kalibadilishe kila mahali unapolitumia, ukianza na baruapepe, halafu urudi. Baruapepe ndiyo ya kwanza kwa sababu anayeishika anaweza kuomba nenosiri jipya la karibu kila akaunti nyingine uliyo nayo.

Sasa tuje kwenye swali lako. Wengi hudhani jina la tovuti ni mali ya mwenye tovuti, kama kiwanja chenye hati. Sivyo. Jina hukodishwa. Mwenye tovuti humlipa msajili wa majina kwa mwaka mmoja au zaidi, mwisho miaka 10 kwa mkupuo, na asipolipa tena jina humtoka mkononi. Kwa majina yanayoishia na .com, muda ukiisha msajili anaweza kulishikilia hadi siku 45. Akilifuta, aliyekuwa nalo hupewa siku 30 za kulikomboa, mara nyingi kwa gharama kubwa kuliko ada ya kawaida. Hufuata siku 5 za mwisho ambazo hakuna anayeweza kuligusa, kisha linakuwa huru kwa yeyote. Wapo watu wenye programu zinazovizia dakika hiyo hiyo. Hulitaka jina kongwe kwa kuwa tayari watu wanalijua, tovuti nyingine zimeweka viungo vinavyoelekea kwake, na mitambo ya kutafuta inaliamini. Kwa mtu wa kamari hao ni wateja wa bure.

Kwa hiyo yaelekea tovuti yako haikugeuka kuwa kamari. Mwenyewe aliliachia jina, pengine kwa ugonjwa, kwa kusahau, au kadi yake ya benki iliisha muda na ada ya mwaka haikukatwa, kisha mwingine akaingia. Nyumba ni ile ile, mpangaji ndiye mwingine. Wala si jambo la nadra: mwaka 2024 taasisi ya Pew Research Center ya Marekani ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo mtandaoni mwaka 2013 zilikuwa hazipatikani tena miaka kumi baadaye.

Ukishalielewa hilo, namna yako ya kutafuta inabadilika. Jina linaweza kuigwa na mtu yeyote mwenye ada ya mwaka mmoja. Alama ambazo yule uliyemlipa ameziacha kwa miaka minne, kwenye risiti, kwenye kurasa za zamani, kwenye maandishi yake mwenyewe, ni vigumu sana kuigwa zote. Hizo ndizo za kufuata.

Anzia kwako. Fungua mipangilio ya kivinjari chako, nenda mahali manenosiri yanapohifadhiwa, utafute jina la ile tovuti. Kama uliwahi kukubali kivinjari kikukumbushe nenosiri, utakuta anwani yenyewe imeandikwa herufi kwa herufi. Huenda ikakushangaza, kwa sababu mara nyingi mahali pa kuingilia akaunti hapakuwa kwenye anwani uliyozoea kuiandika bali kwenye tawi lake au kwenye jina jingine kabisa, na hilo la pili pengine bado liko hai. Historia ya kivinjari nayo ni nzuri, lakini iwahi: Chrome, kwa mfano, hukuonyesha kurasa za siku 90 tu zilizopita. Ukichelewa mwezi mmoja au miwili zaidi, alama hiyo imekwisha.

Halafu baruapepe. Uliinunua michoro, kwa hiyo zipo risiti. Tafuta neno la bidhaa, si jina la tovuti: andika "mchoro", au jina la gauni ulilonunua, au kiasi ulicholipa. Ukiipata risiti, usibonyeze kiungo chochote ndani yake kwa sasa. Tazama vitu vitatu. Kwanza, kilicho baada ya alama ya @ katika anwani ya aliyeituma. Pili, jina la biashara lililoandikwa kama mpokeaji wa fedha, ambalo mara nyingi si sawa na jina la tovuti. Tatu, anwani ya msaada kwa wateja chini kabisa, ile ambayo hakuna anayeisoma. Nimeshawatafutia watu wengi tovuti zilizopotea, na ningelazimishwa kuchagua njia moja tu ningechagua risiti, maana hapo ndipo muuzaji anapolazimika kusema yeye ni nani.

Baada ya hapo tuingie kwenye ghala la kurasa za kale. Mwaka 1996 Brewster Kahle alianzisha Internet Archive huko San Francisco, na tangu wakati huo mitambo yake imekuwa ikipita mtandaoni na kuhifadhi nakala za kurasa. Tangu mwaka 2001 mtu yeyote anaweza kuzitazama kupitia Wayback Machine, bila malipo, kwenye web.archive.org. Andika pale anwani ile ya zamani. Utaletewa mstari wa miaka juu, na chini yake kalenda yenye vidoa vya rangi. Rangi hizo zina maana, na hapa naomba uende polepole.

Kidoa cha buluu ni siku ambayo ukurasa ulifunguka vizuri. Cha rangi ya chungwa ni siku ambayo ukurasa haukupatikana. Chekundu ni siku ambayo seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, yenyewe ilikuwa na hitilafu. Kidoa cha kijani ndicho unachokitafuta: siku hiyo, aliyefika kwenye anwani ile alipelekwa kwingine. Mwenye tovuti anayehama kwa utaratibu huweka maelekezo ya namna hii kwa muda kabla ya kuliacha jina la zamani, ili wateja wamfuate. Bonyeza kidoa cha kijani, na ghala litakuonyesha alikokuwa akiwapeleka. Angalia tu isije ikawa ni kuhama kwa kawaida kutoka http kwenda https au kuongezwa kwa www mbele, maana hilo nalo huwekewa kijani.

Jihadhari na tarehe. Kidoa cha kijani cha baada ya mpangaji mpya kuingia kitakupeleka kwake yeye. Kwa hiyo tafuta kwanza siku ya mwisho ambayo ukurasa bado ulikuwa wa michoro ya nguo, na siku ya kwanza ambayo ulikuwa kamari. Chochote kabla ya mpaka huo ni neno la mwenyewe. Tarehe utaisoma kwenye anwani ya nakala: ukiona web.archive.org/web/20210614093005/example.com, zile tarakimu 14 ni mwaka 2021, mwezi wa 6, tarehe 14, kisha saa 09 (yaani saa tatu asubuhi), dakika 30 na sekunde 05 kwa saa za UTC, saa ya pamoja ya dunia. Natumia example.com kwa sababu jina hilo limetengwa rasmi kwa ajili ya mifano, lisimwangukie mtu.

Ukiwa ndani ya nakala ya mwisho iliyo nzima, usiishie kwenye ukurasa wa mbele. Nenda kwenye "Kuhusu sisi", nenda kwenye mawasiliano, shuka hadi mguuni mwa ukurasa. Humo kuna viungo vya kurasa zake za mitandao ya kijamii. Viungo hivyo ni dhahabu, kwa kuwa aliviweka mwenyewe wakati jina likiwa bado lake. Vifuate kutoka humo humo ndani ya nakala, ukinakili anwani ilivyo. Usiende kwenye mtandao wa kijamii ukatafuta jina lake upya, maana huko nako utakuta waigaji wanne wengine. Kama akaunti yake bado inafanya kazi, tangazo la anwani mpya kwa kawaida litakuwa juu kabisa.

Na kama akaunti hizo nazo zimekufa? Basi tumia maneno yake. Kila mwandishi ana jinsi yake ya kusema, na mtu akihama huhama na maandishi yake. Nilipata kutafuta tovuti ya mafunzo iliyotoweka kabisa, jina jipya, sura mpya, hata rangi mpya. Iliyonipeleka ni sentensi moja ya maelezo ya vipimo ambayo mwandishi aliikosea tahajia miaka yote na hakuirekebisha. Niliichukua kutoka kwenye nakala ya kale, nikaiweka ndani ya alama za kunukuu, nikaitafuta, na matokeo yalikuwa mawili tu: tovuti ya kwanza, na ile mpya. Alama za kunukuu huuambia mtambo wa kutafuta kwamba unataka maneno hayo hayo kwa mpangilio huo huo. Chagua sentensi ya maneno saba au nane isiyo ya kawaida. "Karibu kwenye tovuti yetu" haitakusaidia kitu. Ukiona matokeo yamejaa tovuti usizozitaka, ziondoe kwa kuandika alama ya kutoa ikifuatiwa na site: na jina la tovuti, mfano -site:example.com. Na ukitaka kujua kama tovuti fulani ina ukurasa wa mchoro unaoufahamu, andika site: na jina lake, kisha jina la mchoro.

Matokeo ya juu kabisa yenye lebo ya tangazo usiyahesabu kuwa ushahidi. Nafasi ile hulipiwa, na matapeli hulipa vilevile. Nina sababu ya kulisema kwa msisitizo: karibu kila aliyeniletea kesi ya kuibiwa nenosiri aliandika jina sahihi, kisha akabonyeza cha kwanza alicholetewa.

Hadi hapa nadhani una anwani moja au mbili unazozishuku kwa wema. Sasa ni wakati wa kuuliza jina limesajiliwa lini. Swali hili lina umri mrefu. Kabla ya mfumo wa sasa wa majina, ambao Paul Mockapetris aliubuni mwaka 1983, orodha ya kompyuta zote za mtandao ilikuwa faili moja iliyotunzwa katika taasisi ya SRI huko California, chini ya Elizabeth Feinler. Kundi lake ndilo lililoanzisha huduma ya kuuliza ni nani mwenye jina, WHOIS, iliyoandikiwa kanuni zake mwaka 1982. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na mfumo mpya uitwao RDAP, uliochukua rasmi nafasi ya WHOIS kwa majina kama .com na .org tarehe 28 Januari 2025. Huhitaji kujua mitambo hiyo. Fungua lookup.icann.org, tovuti ya shirika linaloratibu majina ya mtandao, andika jina, usome.

Usitegemee kuona jina la mtu. Tangu Mei 2018, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ilipoanza kutumika, majina na simu za wenye tovuti hufichwa karibu kote. Unachokitaka wewe ni tarehe ya kusajiliwa. Iangalie kwanza kwa ile anwani ya zamani. Umeitumia miaka minne. Kama rekodi inasema jina lilisajiliwa miezi miwili iliyopita, tumepata jibu la nusu ya swali lako: lilianguka, likafutwa, likasajiliwa upya na mwingine. Tarehe hiyo ilinganishe na mpaka ulioupata kwenye kalenda ya nakala, vitu hivyo viwili vinapaswa kuoana. Kama badala yake tarehe ni ya zamani, jina huenda liliuzwa au lilinadiwa kabla ya kufutwa, kwani hapo tarehe ya kwanza hubaki. Au, na hili lisikupite, tovuti imevamiwa na mwenyewe bado yupo, anahangaika kuirudisha kama wewe unavyohangaika kuipata.

Kisha angalia zile nne. Tovuti inayojitangaza kwamba inawahudumia mafundi kwa miaka kumi, na jina lake lina wiki tatu, imejibu yenyewe. Nasema hivi nikikumbuka kwamba mwenye tovuti halisi aliyepoteza jina naye atakuwa na jina jipya lenye tarehe changa. Umri mdogo peke yake haumhukumu mtu. Madai ya umri mkubwa juu ya jina changa, bila neno lolote la kueleza kilichotokea, ndiyo yanayotia shaka.

Kuna ujuzi mmoja ambao ningependa kila anayetumia mtandao awe nao, nao ni kusoma anwani kutoka kulia. Ondoa https:// ya mwanzo, nenda hadi mkwaju (alama /) wa kwanza unaofuata, simama hapo, urudi kushoto. Kipande cha mwisho, mfano com, ni ukoo. Kinachokitangulia ndicho jina lililolipiwa. Vyote vilivyo kushoto zaidi mwenye jina hujiwekea bure, anavyotaka. Kwa hiyo duka.example.com ni mali ya mwenye example.com. Lakini example.com.akaunti.test/ingia si yake hata kidogo. Ni mali ya mwenye akaunti.test, aliyeliweka jina la mwenzake mbele kama pazia. Vivyo hivyo https://example.com@akaunti.test: kivinjari huchukulia kilicho kabla ya @ kuwa jina la mtumiaji tu, kisha hukupeleka akaunti.test. Baadhi ya nchi zina ukoo wa vipande viwili, kama .co.uk ya Uingereza, na hapo jina lililolipiwa ni kipande cha tatu kutoka kulia.

Halafu zisome herufi zenyewe. Herufi r na n zikikaa pamoja hufanana na m. Tarakimu 1 hujifanya l, na 0 hujifanya o. Kwenye kioo cha simu, katika mwandiko mdogo, jicho halioni tofauti, kwa hiyo nakili anwani uibandike mahali pa kuandikia, uikuze. Kuna hila iliyo ndani zaidi: herufi za lugha nyingine zinazofanana kabisa na zetu. Mwaka 2017 mtafiti mmoja alisajili jina lililosomeka apple.com katika baadhi ya vivinjari, kumbe kila herufi ya neno apple ilikuwa ya maandishi ya Kisiriliki, yale yanayotumiwa na Kirusi na lugha nyingine. Vivinjari vimerekebishwa tangu hapo, na ukiona jina linaanza na xn-- ujue lina herufi zilizo nje ya zile za kawaida za a hadi z. Si kosa, kwani lugha nyingi zina haki ya majina yake, ila tovuti yako ya michoro haikuwa hivyo.

Alama ya kufuli nayo isikutulize. Inaeleza kwamba mazungumzo kati yako na tovuti yamefungwa, mtu wa katikati hawezi kuyasoma. Haisemi unazungumza na nani. Cheti cha kufuli hutolewa bure kwa dakika chache, na tapeli anacho. Chrome yenyewe iliiondoa alama hiyo kwenye anwani mwaka 2023 kwa sababu watu walikuwa wakiisoma vibaya.

Tuseme umeipata anwani. Kabla ya kuingiza nenosiri, nataka ifikiwe na njia mbili zisizotegemeana. Kwa mfano, kidoa cha kijani cha kabla ya mpaka kimekupeleka kwake, na ukurasa wake wa kijamii uliotoka kwenye nakala ya kale unaitaja hiyo hiyo. Au anwani ya msaada kwenye risiti yako imejibu na kuitaja. Mwandikie huko hata kama unadhani hapajibiwi. Mpe namba ya risiti yako na umuulize: nilinunua mchoro gani siku ile? Mwenye biashara ana kumbukumbu zake na atakujibu. Mwigaji hana, ataanza kukuharakisha. Usimtajie wewe jina la mchoro. Mwache alitaje yeye.

Kuna dalili nyingine ya bure ambayo wengi huipuuza. Ikiwa nenosiri lako lilihifadhiwa kwenye kivinjari na ukafika kwenye tovuti inayodai ni ile ile, kwa anwani ile ile, lakini kivinjari hakijazi chochote, simama. Chenyewe hakidanganywi na rangi wala nembo, kinalinganisha herufi. Kwa tovuti iliyohamia jina jipya kitanyamaza pia, na hapo ndipo zile njia mbili zinapohitajika.

Yawezekana vilevile usimpate. Mtu akifunga kazi bila kuaga, akaunti yako imekwenda na seva yake, na ghala la kale halihifadhi vilivyokuwa nyuma ya nenosiri. Hata hivyo pitia baruapepe zako zenye viambatisho na folda ya vilivyopakuliwa kwenye kila simu na kompyuta uliyowahi kutumia, kwani tovuti nyingi ndogo hutuma faili la mchoro pamoja na risiti. Tafuta kwa aina ya faili: andika pdf, upange kwa tarehe za manunuzi yako.

Na ukimpata, ukaingia, siku hiyo hiyo kabla hujanunua kingine pakua michoro yako yote, mmoja mmoja, uiweke kwenye kifaa chako na nakala ya pili mahali pengine. Kisha rudi web.archive.org, pale penye nafasi ya kuhifadhi ukurasa, uweke anwani yake mpya ya mawasiliano. Itahifadhiwa ikiwa na tarehe ya siku hiyo, na fundi mwingine aliyempoteza atakuta kidoa cha buluu kinamsubiri.